Mashujaa wa Uingereza na Busu la Zaventem

Gazeti la bure la metro ndilo lililoleta balaa asubuhi ile. Liliandika kwamba David Livingstone ametimiza miaka mia mbili tangu azaliwe, likaweka picha yake na kofia, na pembeni likawapanga Waingereza wengine waliozunguka dunia bila kuogopa simba, barafu wala kiu. Chini kabisa likauliza: ujasiri wao ulitoka wapi? Swali la namna hiyo huwezi kulitupa mbele ya watu wa lavoir ukategemea waende makazini kwa amani.

Lavoir yenyewe iko Anderlecht, mtaa wa Brussels, hatua chache kutoka kituo cha metro. Ni duka la mashine za kufulia lenye joto la bure na benchi moja refu. Mwenye duka hataki mtu akae bila kufua, kwa hiyo mabwana hawa wana shuka moja la ushirika. Wanalifua asubuhi, wanalifua tena mchana, na limefuliwa mpaka ukilitandaza unamwona aliye upande wa pili. Siku ile ya Machi 2013, theluji ikiwa imeziba nusu ya mji, shuka lilikuwa linazunguka kama kawaida na benchi lilikuwa limejaa.

Aliyekaa karibu na mlango alikuwa Rigobert, mwana wa Lubumbashi. Kijiweni wanamwita Kapiteni, kwa sababu hakuna safari duniani ambayo hajaiongoza kwa mdomo. Tangu Jumapili alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na wenzake walidhani ni mapenzi ya soga. Masikini, alikuwa amejificha.

Jumapili alikwenda uwanja wa ndege wa Zaventem kumpokea mama mkwe wake, Maman Pétronille, ambaye hakuwahi kukanyaga Ulaya. Sasa kwa watu wa kwao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, wala hasemi naye ana kwa ana. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Rigobert anayajua hayo tangu utotoni. Lakini huyu ni mtu aliyekaa Brussels miaka na miaka, mji ambao ukikutana na mtu unampa shavu hata kama mliachana jana. Mlango wa wanaowasili ulipofunguka na Maman Pétronille akatokea na sanduku lake, mwili wa Rigobert ulitangulia na akili ikabaki nyuma. Alimbusu mama mkwe shavuni, mchana kweupe, mbele ya ukoo na polisi wa mpakani.

Maman Pétronille alijifunika kitenge usoni mpaka Anderlecht. Asubuhi hii, mkewe Rigobert, Mathilde, alimwambia mumewe kwa kifupi kwamba mama amefunga sanduku. Jambo lisipotengenezwa kabla ya jioni, anahamia kwa binamu kule Evere, upande mwingine wa mji, na kutoka Evere simu itapigwa kwa wazee wa Lubumbashi. Rigobert aliogopa, tena aliogopa vibaya, kwa sababu wazee wale wakishakaa kikao, ndoa yako inajadiliwa kama bajeti ya serikali.

Kwa hiyo alifurahi sana mjadala ulipowaka.

"Bon, mimi nilishaelewa," alisema Tonton Sylvestre, mzee wa Bukavu anayevaa suti hata kuja kufua, ndiyo maana wanamwita Senateur, na ambaye "ndiyo" kinywani mwake huwa "njo". "Njo chakula. Muntu anakulia mahali viazi habina chumvi, mvua kila siku. Ata ukimuonesha simba, anaona afazali simba."

"Tonton, be serious," alisema Hamissi, wa tatu wao, mtu wa Ujiji, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na Kiswahili cha redioni. "Huyo shujaa alitembea peke yake? Nyuma yake kuna watu wamebeba hema, vikombe vya chai, na yeye mwenyewe akiumwa. Majina yao yako wapi humo gazetini?"

Hapo Hamissi akapanda juu, maana ukitaja Livingstone mbele ya mtu wa Ujiji umemtajia mjomba wake. Alieleza kwamba wazee wao walimwona bwana yule kila siku akienda sokoni kutafuta samaki, halafu siku moja Stanley akaja akasema amempata. Hamissi alitaka kujua alikuwa amepotea kwa nani. Sylvestre akaingilia kwamba huyo Stanley ndiye wa kuchunguzwa: kazaliwa Wales, kageuka Mmarekani, kaja kufanya kazi kwa mfalme wa hapa Brussels, kisha karudi kuwa Mwingereza. Yeye Sylvestre ameomba uraia mmoja tu, na bado wanamwuliza kama anapenda nchi.

"Na ule Scott wa gazeti," Sylvestre aliendelea. "Anavuta traîneau, mukokoteni ya barafu, mpaka Pôle Sud, kule kusini mwisho wa dunia. Anafika, anakuta drapeau, bendera ya muzungu mwingine. Alors eko wa pili, anakufa njiani, na bakamujengea sanamu. Kwetu ukifika wa pili mu élections, familia inakutafutia avocat wa kukutetea."

Rigobert alicheka kuliko wote. Kisha, kwa kujisahau, akatoa hotuba yake mwenyewe: kwamba ujasiri ni damu, kuna wanaume waliozaliwa bila woga, na kama si familia, hata yeye angekuwa Pôle Sud saa hizi. Hamissi alimkumbusha kwamba kulikuwa na mwanamke pia, Mary Kingsley, aliyeanguka kwenye mtego wa wanyama kule Gabon akaokolewa na unene wa sketi yake. Rigobert akasema huyo naye ni damu.

Sylvestre alimgeukia.

"Kapiteni, mimi naona ni kitu ingine. Muntu anaacha nyumba yenye moto, anaenda kulala mu barafu. Ule haendeke safari. Ule anakimbia. Kuko kitu kwake anaogopa kuliko simba." Akakunja gazeti. "Na weye, toka Jumapili unatoka nyumbani giza, unarudia giza. Uko nakimbia nini?"

Rigobert alitazama viatu vyake, akaona hana pa kupitia.

"Nilipiga mukwe bizu," alisema.

"Mukwe gani?"

"Mama ya Mathilde. Mu aéroport. Ku shavu."

Sylvestre alivua kofia, kama mtu anayepishana na jeneza.

"Bizu moja?"

"Moja. Si njo ya hapa."

"Afazali. Ya Bafaransa ingekuwa mbili."

Hamissi, ambaye mila hiyo hakuielewa vizuri, aliuliza kwa nini asiende tu akaombe radhi. Wale wawili walimhurumia. Kuomba radhi ni kusema naye, na kusema naye ni kosa la pili. Zawadi ya kuondoa haya ipo, kitenge na kuku, lakini hupelekwa na mjomba wa mume, na mjomba wa karibu yuko Kolwezi.

"Livingstone, simba ilimuluma mukono," alisema Sylvestre kwa heshima. "Lakini hakubusu simba."

Ndipo mlango ulipofunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia mama mmoja amevaa vitenge viwili, koti la mjukuu lisilofunga kifuani, na theluji juu ya kilemba. Alikuwa peke yake. Rigobert alijua ni nani kabla hajamwona sawasawa. Aligeuka akabandika pua kwenye kioo cha mashine, akalitazama shuka kana kwamba lilikuwa na habari. Maman Pétronille aliona kisogo kile, naye akageuka, akakaa ncha ya benchi, mgongo kwa mgongo na mkwewe.

Sylvestre alisimama kumsalimu, akauliza nani amemleta katika theluji kama hii.

"Nani atanileta? Niliuliza njia."

"Kwa luga gani, maman?"

"Kiswahili. Wa tatu njo alijibu." Kisha akamwonyesha Hamissi kwa kidevu. "Weye mutoto, jina yako?"

"Hamissi, mama. Shikamoo."

"Hamissi, ambia ule muntu anaangalia machine. Umwambie mimi njo nilikosa. Mu ndege kulikuwa mama mumoja, aliniambia kule Ulaya bakikupiga bizu unarudisha. Usiporudisha, ni zarau. Bon. Mukwe akanipiga bizu. Haya ikanishika, sikurudisha. Toka siku ile anakimbia nyumba yake, hakule chakula yangu. Nikasema nimemuumiza. Njo maana nilifunga sanduku."

Hamissi aligeuka, akayarudia yote kwa Kiswahili cha Kigoma, neno kwa neno, ingawa Rigobert alikuwa umbali wa mkono na alikuwa amesikia kila kitu. Paji la uso la Rigobert lilikuwa bado kwenye kioo chenye joto. Siku zote zile alimwona mama huyu kama hakimu, kumbe naye alikuwa nyumba ileile, amekaa na woga uleule.

"Mwambie hakuna muntu aliumia," alisema. "Mwambie afungue sanduku."

Hamissi akapeleka.

"Nitafungua," alisema Maman Pétronille. "Lakini mambo ya nusu mimi sipendake. Nilivuka barafu yote hii nimekuja kurudisha."

Rigobert alihesabu milango ya duka lile, akakuta ni mmoja tu, na benchi liko katikati.

"Sasa ule ni mukwe, siwezi kumugusa," mama aliendelea, akifikiri kwa sauti. "Lakini weye hauko mukwe wangu. Hamissi, leta shavu."

Hamissi alileta shavu, maana amelelewa vizuri. Maman Pétronille alimbusu kwa nguvu, busu la mtu aliyelibeba tangu Jumapili, kisha akajifuta mdomo na ncha ya kitenge.

"Umupelekee."

Hamissi alimtazama Sylvestre, akitafuta wakili.

"Vas-y, enda mwanangu," alisema Senateur. "Ni commission, umetumwa na mukubwa."

Kapiteni aliachana na kioo, akafumba macho, akatoa shavu. Ndevu za Ujiji zilimkuna, jambo likaisha. Maman Pétronille hakugeuka. Alikuwa anatazama ukutani, mikono mapajani.

"Imefika?" aliuliza.

Rigobert akamvuta Hamissi kwa kola.

"Mwambie imefika."