Landrova ya Kumfuata Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama mkwe anapasuliwa jicho Ijumaa, hapa Tabora mjini. Yuko Usinge. Nyamizi, mke wangu, ameuliza nani atamfuata. Kabla sijameza tonge, mwanyumba wangu Kornel, aliyemwoa dada yake Nyamizi, akasema kuna treni. Treni! Mtu mzima, karibu haoni, abanane na magunia ya mpunga. Nimesema nitamfuata kwa Landrova yangu. Nyamizi akakumbusha kuwa kwa mvua hizi, barabara ikishavuka Kaliua haipitiki. Ndiyo maana, nikamwambia, gari litaongezewa vifaa.

Jumanne, 4 Machi

Usalama kwanza. Nimepata pembetatu, jeki, kamba ya kuvutia na mtungi wa kuzimia moto. Mtungi nimeujaribu sebuleni, kuhakikisha unafanya kazi. Unafanya kazi. Sasa hauna kitu. Makochi yote meupe. Nyamizi hanisemeshi. Kornel alipita, akauliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Mtungi nimeufunga garini hivyo hivyo. Unatia moyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda gereji kwa Shigela. Amenichomelea bampa jipya la chuma na kulifungia winchi, mashine ya waya ya kujivutia matopeni. Kisha bomba la hewa, limepanda hadi juu ya paa, ili injini ipumue hata gari likizama. Shigela akauliza mdomo wa bomba uangalie wapi. Juu, nikamwambia, hewa iko juu. Hakubisha. Naye hajawahi kufunga kitu hicho. Mkanda wa kiti cha mama mkwe nimeupa ncha nne, kama wa rubani. Kornel alipiga picha. Wivu.

Jioni Nyamizi amenishika mkono. Mama yake anaogopa kisu, na daktari bingwa anaondoka Jumamosi. Nafasi hii ikipita, basi. Akaniapisha kuwa nitamfikisha. Nimeapa. Akasema hata hivyo Kornel atatangulia Usinge kwa treni, ikitokea. Ikitokea nini? Akaenda kufuta makochi.

Alhamisi, 6 Machi

Lami hadi Kaliua, raha tupu. Baada ya hapo, matope. Huku ndiko ilikopita misafara ya zamani. Watu walitembea kwa miguu, mizigo kichwani, bila winchi. Sijui walifikaje.

Mvua ikashuka. Mdomo wa bomba ulikuwa ukiangalia juu. Maji yakaingia kama kwenye tangi. Injini ikakohoa, ikanyamaza katikati ya dimbwi. Nikatulia. Nikafunga waya wa winchi kwenye mninga mkubwa, nikabonyeza. Mti haukusogea. Gari halikusogea. Bampa likaenda kwa mti.

Akatokea mfugaji mmoja, Masolwa, na maksai wake. Alitazama sana. Akauliza kwa nini nimeufunga mti. Nikamweleza kuwa ni vifaa vya usalama. Akasema pole, na vimenisalimisha na nini?

Reli iko palepale jirani. Treni ya kutoka Usinge ikapita taratibu. Dirishani Kornel, na pembeni yake mama mkwe. Nikapaza sauti: "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba!" akajibu, akiwapungia mkono maksai.

Ijumaa, 7 Machi

Maksai wamenivuta hadi Kaliua. Watoto wa shule walisimama kushangilia. Sikupunga mkono. Nyamizi amepiga simu: upasuaji umekwenda vizuri. Nilikaa juu ya jeki nikashukuru Mungu, kwa moyo wote, kabla sijakumbuka nani alimfikisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika nyumbani nyuma ya lori la mbao, Landrova ikivutwa kwa kamba. Bandeji imetolewa. Mama mkwe anaona! Alimtazama Nyamizi, akamshika mashavu, akalia. Akasema mwanawe amenenepa vizuri. Nilitoka nje kidogo. Vumbi machoni.

Nilipoingia akamtazama Kornel, akasema ana uso wa huruma. Akanitazama mimi, akasema nimezeeka. Kisha akashukuru kwamba nilijaribu. Wiki ijayo anarudi Usinge. Kwa treni, amesisitiza.

Nimefikiri kutwa nzima na kosa nimeliona. Si bomba. Si bampa. Gari halielei, ndilo tatizo! Jirani yetu Zabibu, muuza mafuta ya kula, ana madumu matupu chungu nzima nyuma ya duka. Kesho nitamsalimia mapema.