Malalamiko Kuhusu Jiko Langu Kulinganishwa Darasani

Feliksi, mvuvi,
Gungu, Kigoma.

Kwa Mwalimu Veneranda, wa Kiswahili kidato cha nne.

YAH: KUOMBA INSHA YA BINTI YANGU ISAHIHISHWE UPYA, MAANA IMENIONDOLEA MKE NYUMBANI

Mwalimu wetu mpendwa,

Natumaini u mzima na chaki hazijakuishia. Mimi ni baba yake Elida, yule anayekaa dirishani. Naandika kwa heshima zote, nikiwa nimenawa mikono, kwa sababu ile insha uliyoipa alama kumi na nane kwa ishirini imenikosanisha na mama yake. Stephania yuko Katubuka kwa kaka yake Nikodemu, wiki ya pili sasa, na ametuma ujumbe kwamba atarudi jiko likiwa na paa. Mambo yenyewe nayapanga kwa namba, kama mnavyopenda ninyi watu wa shule.

1. Uliwaambia watoto walinganishe jinsi dhamira moja inavyoendelezwa katika matini mbili za nathari zinazopatikana nyumbani. Sikatai. Mtoto wa jirani alichukua wasifu wa marehemu babu yake na risala ya harusi, akapata kumi na moja, na nyumba yao ina amani. Elida alifungua sanduku la mama yake akatoa barua mbili nilizoandika mimi: ya posa, niliyompelekea baba mkwe miaka kumi na minane kabla ya hiyo nyingine, na ya kuomba radhi, niliyomwandikia shemeji Nikodemu mwaka jana. Sikuziandika ili zisomwe pamoja. Kila moja ukiisoma peke yake ni nzuri sana.

2. Dhamira aliyochagua ni ahadi. Ameeleza kwamba katika ya kwanza nimeandika, "Binti yenu hatapika akinyeshewa, jiko nitaliezeka mbalamwezi ijayo," na katika ya pili, "Jiko nitaliezeka mbalamwezi ijayo, Mungu akipenda." Kisha mwanangu, kwa kalamu niliyomnunulia mwenyewe, akahitimisha kuwa dhamira imeendelezwa kwa njia moja tu: mwanzoni mwandishi anaahidi kwa jina lake, mwishoni anamkabidhi Mungu kazi ya mabati. Wewe ukaweka vema mbili za wino mwekundu pembeni. Mbili, Mwalimu!

3. Amehesabu. Ameandika kwamba kati ya barua hizo zimepita mbalamwezi mia mbili ishirini na mbili. Wewe si mtu wa mwaloni, huku tunakoshushia dagaa, pengine hujui: mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa zetu, boti zinapandishwa mchangani, na mvuvi ana siku saba nane za kukaa nyumbani. Ni kweli ndizo siku za kuezeka. Lakini Elida hakutoa siku za misiba, za upepo, za kushona nyavu, wala za kombe la dunia. Hesabu gani hiyo isiyo na kutoa?

4. Ameniita mhusika bapa, na kwenye mabano akafafanua: habadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Jambo hili limeniuma, nasema wazi. Nimebadilika mno. Wakati wa posa nilivulia karabai, leo navulia taa za sola. Tena nilikuwa na nywele.

5. Siku ya wazazi ulimsimamisha akaisoma mbele ya watu, na mimi nilikuwa napiga makofi mpaka aya ya pili. Sasa pale mwaloni nikisema nitafanya kitu, hata wanawake wanaoanika dagaa wananiuliza, "Mbalamwezi ipi, Mzee Feliksi?" Stephania hakuuliza. Alisubiri makofi yaishe, akaenda nyumbani, akakunja kanga zake. Miaka yote alikuwa akizisoma barua zangu moja moja, kama mimi. Ni wewe uliyemfundisha, kupitia mtoto, kuziweka sambamba.

Kwa hiyo naomba, kwanza, alama zishushwe hadi nane. Pili, Elida aandike upya juu ya dhamira ya uvumilivu, na matini nitachagua mimi. Tatu, umwandikie Stephania barua yenye muhuri wa shule kwamba hayo yote ni mambo ya fasihi na hayahusiani na jiko la mtu yeyote. Ukifanya hivyo, nami sitakuangusha: mabati yatapanda mbalamwezi ijayo, Mungu akipenda.

Nisalimie mkuu wa shule, karani, mlinzi wa getini, na wapishi wenu, ambao nasikia wao wanapikia chini ya bati.

Wako katika malezi,
Feliksi, mzazi aliyelinganishwa.

Nyongeza: Nilisahau kukueleza kwamba barua hii niliianza siku boti zilipopandishwa mchangani. Nimeisahihisha na kuinakili mara tatu ili usije ukaona kosa. Leo boti zinashushwa majini, mbalamwezi imekwisha. Mabati bado yameegemea ukutani na misumari imo kwenye kopo lake. Juzi nilikuwa nasonga ugali mwenyewe, mvua ikaja, moto ukazimika, sufuria ikabaki na uji wenye harufu ya moshi. Nikakaa kwenye kigoda cha Stephania, nimelowa mpaka kwenye soksi, nikawaza kwamba yeye amekaa hapo miaka yote hiyo. Nimeona aibu, Mwalimu. Zile alama mbili ulizomnyima Elida, tafadhali mrudishie.

Barua ataileta yeye mwenyewe. Nimemwonya asiifungue njiani. Amenijibu kwa adabu kabisa, "Sina haja, baba. Inavyoisha naijua."