Baiskeli ya Mashindano Iliyomzidi Mwasiti Kimo

Kidahwe, kwa shangazi Anésie,
jirani na mashine ya kusaga.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Ujirani Mwema,
Kigoma Mjini.

Ndugu Mwenyekiti, Mzee Gervasi,

YAH: BAISKELI KUMZIDI KIMO MWASITI HAMDANI, PAMOJA NA MATESO YALIYOTOKANA NA HILO

Shikamoo Mzee. Nimeandika kwa sababu kusema siwezi. Ofisini kwenu nimekuja mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi mpaka mkafunga. Mara ya pili yule mama wa mapokezi akaniuliza, "Kijana, shida yako nini?" Nikasema naomba maji ya kunywa. Akanipa. Kwa maji nashukuru, lakini shida nilirudi nayo nyumbani, ndiyo hii.

Mimi ni Egide, Mrundi. Vita ilitukimbiza nikiwa darasa la tatu, na darasa la nne mpaka leo sijalikuta. Kiswahili nimekiokota Katonga kwenye kupakua samaki, kwa hiyo kikinuka kidogo mnisamehe.

Mlitangaza mashindano ya wenyeji na wakimbizi. Mtu anaogelea ziwani pale Katonga, akitoka majini anapanda baiskeli mpaka huku Kidahwe na kurudi, akishuka anakimbia kwa miguu mpaka Ujiji, yote siku moja, bila kukaa kula. Mkasema kila mwenyeji atapewa mkimbizi wa kumshikia vitu vyake, na kila mkimbizi atapewa mwenyeji, ili tuzoeane. Karatasi niliyoitoa mimi kwenye kofia iliandikwa Mwasiti.

Mkasema tena mwanamke atakayeshinda ataondoka na baiskeli aliyoendesha. Hapo ndipo Mwasiti alipoinua kichwa. Yeye anauza dagaa. Anawabeba kichwani kutoka Katonga mpaka Kidahwe, na akifika anakuta wenye baiskeli wameshauza, wameshakula, wanachokonoa meno. Kwa hiyo wengine ni michezo, kwake siyo michezo. Baiskeli anaitaka kweli. Mashindano ni Jumamosi na leo ni Jumatano, ndiyo maana naandika haraka.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kimo. Baiskeli mlizogawa zote zina kimo kimoja, na hicho kimo ni cha wafadhili. Mwasiti akisimama pembeni yake, kiti kinamfika kwapani. Akikaa juu, pedeli ikienda chini mguu unabaki hewani, unaisubiri irudi. Tuliipeleka kwa fundi Dismasi. Akashusha kiti mpaka chuma kikagoma. Akafuta mikono, akasema, "Kwa baiskeli mimi nimemaliza. Kilichobaki tumvute dada." Mwasiti akamwambia, "Anza kuvuta akili yako, ndiyo fupi." Hatujarudi tena kwa Dismasi.

2. Ushauri wa Kamati. Mwasiti alikuja kuwaeleza mwenyewe, yeye anaongea. Mjumbe mmoja akamwambia ajitahidi kujinyoosha. Mzee, amejinyoosha. Amejinyoosha tangu siku hiyo na kimo ni kile kile. Mwingine akasema tufunge vipande vya mti kwenye pedeli. Tumefunga, kwa mipira ya tyubu. Kipande ni kizito, kwa hiyo pedeli ikigeuka kinageukia chini, kinakwaruza barabara, mguu unakanyaga chuma kitupu. Watoto wa Katonga wakamfuata nyuma wanaimba, "Mwasiti anapiga pasi barabara!" Naomba huyo mjumbe aje avifungue.

3. Usukani. Una pembe mbili zinatazama mbele, ambazo mtu analazia viwiko ili upepo umpite juu. Mwasiti akilaza viwiko, kidevu kinagota chuma, na macho yanaona tairi la mbele tu. Tairi analiona vizuri sana. Juzi aliliona mpaka likaingia kwenye dagaa za Mama Nasra zilizoanikwa mchangani. Mama Nasra akatoka na fagio.

"We Mwasiti, unanunua au unakanyaga?"

"Sikuona, mama."

"Hukuona dagaa? Wewe, kazi yako dagaa, hukuona dagaa?"

Tulikaa sana kuokota dagaa kwenye spoki. Mama Nasra alisimama juu yetu kuhakikisha hatuli.

4. Mguu. Mzee, wewe umekulia hapa hapa na unajua wote tulivyojifunza baiskeli ya baba. Kiti hukifikii, kwa hiyo unakiacha. Mguu mmoja unaupitisha chini ya lile bomba la juu, mwili unaning'inia upande, unapiga pedeli umesimama, unakwenda kama kaa. Hivyo hivyo watu wamepeleka mkaa Kasulu. Hata sisi ng'ambo ya mpaka tulijifunza hivyo, nadhani ni jambo la kwanza la ujirani mwema lililokuwepo kabla ya Kamati.

Jumapili Mwasiti alichoka na kiti, akapitisha mguu. Alivyokwenda! Alimpita Verediana, yule mwalimu wa kambini aliye mrefu kama nguzo ya simu. Akakupita na wewe Mzee kwenye pikipiki, samahani kukukumbusha. Ukapiga honi, ukamsimamisha, ukamwambia, "Binti, hiyo siyo baiskeli, hiyo ni sarakasi. Kanuni inasema mshindani akae kwenye kiti." Kumsimamisha ukamsimamisha, kumshika hukumshika, akaanguka na baiskeli yake mbele ya gari la mihogo.

Sasa nauliza kwa heshima. Huyo aliyeandika kanuni alikuwa amekaa wapi? Alikuwa kwenye kiti, na miguu yake ilikuwa chini. Mtu ambaye miguu yake iko chini haoni kwamba kuna jambo la kufikiria.

5. Ziwa. Kama mnasema haki ni kipimo kimoja kwa wote, basi tuangalie na ziwa. Mimi kazi yangu ni kushika viatu na kuangalia, kwa hiyo nimeangalia. Kwenye mazoezi filimbi ikilia, Verediana anaingia majini anatembea kama anakwenda sokoni. Maji yako kiunoni, anatembea. Yako kifuani, bado anatembea, mikono juu. Wakati huo Mwasiti ameanza kuogelea zamani. Ziwa moja, lakini mmoja analiogelea lote na mwingine analiogelea lililobaki. Naomba mwanzo usogezwe mpaka pale ambapo hata Verediana hagusi chini. Kama hilo ni gumu, ziwa liongezwe maji upande wake.

6. Mbio. Nimeangalia miguu pia. Verediana akipiga hatua moja, Mwasiti anapiga mbili na kipande. Maana yake kutoka Katonga mpaka Ujiji Mwasiti anakimbia mara mbili, na mnampa ushindi mmoja. Naomba kila mshindani apewe hatua sawa, zihesabiwe. Mwasiti akimaliza zake, hata kama bado yuko njiani, pale Mwanga mbele ya duka la nguo, amefika. Utepe upelekwe pale alipo. Ujiji ni mji wa zamani, hauwezi kukasirika kwa kutofikiwa siku moja.

7. Kamati yenyewe. Mkikataa hayo yote, siyo mbaya, ila naomba mpaka Jumamosi wajumbe wote wakalie vile viti virefu vya baa, meza zibaki chini zilipo, miguu ining'inie, na muandike mihtasari ya vikao mkiwa huko juu. Mkiwa mnaandika, kiti kiwe kinatembea. Mwandiko ukisomeka, nitakuja mwenyewe kuomba radhi, na nitaongea.

8. Bega langu. Hili nimeliweka mwisho siyo kwa sababu ni dogo. Baiskeli haina stendi, na Mwasiti hafiki chini, kwa hiyo kupanda peke yake hawezi na kusimama peke yake hawezi. Akisimama ameanguka. Lazima awepo mtu, na huyo mtu ni mimi. Kila asubuhi natoka Kidahwe kabla shangazi hajawasha moto. Nafika Katonga, naishika. Yeye anapanda kwenye jiwe, anaweka mkono kwenye bega langu la kushoto, anapanda kwenye kiti, na mkono bado uko pale. Halafu nakimbia pembeni nimeshika kiti mpaka ikae sawa. Akirudi nasimama katikati ya njia nimefungua mikono kama mtu anayezuia mbuzi, namdaka yeye na baiskeli kwa pamoja.

Mzee, haya ni mateso. Bega hilo siku hizi silibebei ndoo, nabebea la kulia. Hata kulala silalii. Shangazi akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, limeteguka?" Nikasema halijateguka. Akasema, "Basi lina nini?" Nikashindwa kumweleza, kama nilivyoshindwa kwa yule mama wa maji.

Tena tunapopumzika ananiongelesha, jambo ambalo halikuwemo kwenye maelekezo ya Kamati. Jana aliniuliza, "Egide, wewe huwa huongei?"

"Naongea."

"Lini?"

Nilitazama tairi.

Na baba yake, Mzee Hamdani, alipita akitoka msikitini, akasimama kutuangalia. Akasema, "Huyu kijana anashika baiskeli au anashika nini?" Mwasiti alikuwa juu. Akasema, "Baba, njoo ushike wewe." Mzee Hamdani akavua kofia akanipa, akaishika. Akaishika kidogo tu, akaona mtu wa kusalimiana naye, akainua mkono. Mwasiti alitua mchangani mwili mzima. Mzee akachukua kofia yake akaniambia, "Endelea." Tangu hapo haulizi, ila anapita kila siku, na mimi jasho linanitoka kabla sijaanza kukimbia.

Kwa sababu hizo nane ninaomba jambo moja tu. Nyuma ya ofisi yenu, kwenye stoo, nyuma ya mahema, kuna baiskeli nyekundu. Niliiona nilipokuwa kwenye benchi, maana mlango wa stoo haufungi vizuri na mimi nilikuwa na muda. Ni kama hizo nyingine, ina pembe zake na tairi jembamba, lakini ni fupi. Nilimsikia mlinzi anasema ililetwa kwa bahati mbaya ndani ya kontena na kwamba hakuna mtu mzima ambaye inamtosha. Mzee, mtu mzima yupo. Yuko Katonga, ana dagaa kichwani. Mpeni hiyo kabla ya Ijumaa jioni, aizoee. Atakaa kwenye kiti kama kanuni inavyotaka, miguu itafika, ataona mbele, atapanda mwenyewe na kusimama mwenyewe, hatamwangukia mtu. Akishinda, dagaa zitafika Kidahwe zikiwa bado na joto la jua la siku ile ile na hamtasumbuliwa tena na barua.

Wasalimie wajumbe wote pamoja na yule wa vipande vya mti. Msalimie mama wa mapokezi, mwambie maji yalikuwa baridi. Mlinzi wa stoo naye msalimie, asigombezwe. Mwalimu Verediana mpeni salamu, mwambieni sina ubaya naye, ni miguu yake tu. Shangazi Anésie anawasalimu wote na anauliza kama wanaotazama pia watapewa soda.

Niliyekaa kwenye benchi lenu,
Egide, mshika baiskeli.

Nyongeza: Mzee, mambo yamebadilika na karatasi ni hii moja, siwezi kuandika upya. Nilimpa Mwasiti barua anisahihishie, maana yeye alimaliza la saba. Alisoma amesimama. Aliposoma habari ya ziwa alicheka mpaka Mama Nasra akatoka kuangalia kuna nini. Kwenye bega hakucheka. Akasoma, akarudia. Halafu akaniuliza:

"Hiyo nyekundu, miguu inafika chini?"

"Inafika."

"Napanda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nasimama mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Hata jiwe huhitaji."

Akaikunja barua, akaikunjua. "Na wewe utakuwa wapi?"

Nikasema nitakuwa Kidahwe, si kazi itakuwa imeisha. Akaniangalia kama alivyomwangalia Dismasi. Akasema, "Mwambie Mwenyekiti hiyo nyekundu aiache hapo hapo nyuma ya mahema. Nitashinda na hii. Kwenye kiti nitakaa Jumamosi tu, kwa ajili ya kanuni yake. Jumatatu napitisha mguu, napeleka dagaa Kidahwe, na sijui nitasimamaje huko kama hakuna mtu wa kunidaka." Nikamwambia yupo. Nilisema kwa sauti, Mzee, hata baba yake alisikia, na alikuwa bado mbali.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka namba nane nayarudisha yote. Kiti kisishushwe, stendi isiwekwe, ziwa liachwe na maji yake. Baiskeli ni ndefu vizuri sana. Na kama kwenye kontena kuna nyingine ndefu kuliko hii, msimpe mtu, tutakuja kuichukua wawili.