Kamati ya Taifa ya Kupumzika Ufukweni

Wizara ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa mapumziko yote ya ufukweni yatafanyika kwa utaratibu. Mimi, Katibu wa Kamati ya Kupumzika, ndimi niliyeuandika mpango huo, na ninajivunia kila kipengele. Mgeni ataogelea, atapanda mlimani kutazama kasuku, atafurahi, kisha atakula. Asiyefurahi atarudishwa mlimani.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu: kibanda cha Tanti Ismay, shangazi wa wote, anayeuza samaki wa kukaanga na shelisheli la kuchoma pale pale mchangani. Mpango unataka ufukwe wa asili, na asili haikaangi samaki. Basi Mheshimiwa Waziri Lamontagne akaja mwenyewe kuujaribu mpango, amevaa kaptura ya maua, miwani myeusi na kofia pana ya kigeni. Akishamaliza, angerudi ofisini kutia saini amri ya kubomoa.

Akaogelea. Akapanda mlimani. Akashuka njaa inamuuma, akanyoosha moja kwa moja hadi kibandani, nami nyuma yake.

"Nipe samaki."

Tanti Ismay akageuza samaki wake. Wacheza domino waliokaa kando ya kibanda wakaendelea kugonga meza.

"Mama, husikii? Nimesema samaki."

"Octave," Tanti akamwambia mlinzi wa ufukwe, aliyekuwa akicheza domino, "leo kuna upepo, eh?"

Nikamnong'oneza Mheshimiwa kwamba kwetu huingii mahali bila kusema habari za asubuhi. Usiposalimu, hata ukiwaka moto hakuna atakayekuona. Akanijibu kwamba yeye hasalimii vibanda. Kisha akawageukia.

"Mimi ni Waziri."

Octave akamtazama kuanzia kofia hadi kandambili. "Kaka, usitutanie. Waziri ni mtoto wa hapa hapa, kalelewa na bibi yake. Angeingia kwa watu bila salamu, yule bibi angefufuka na fagio."

"Huyo mgeni," Tanti akakata shauri. "Tena hana furaha. Hebu mtazame alivyonuna."

Octave ni mtumishi hodari, na mpango wangu ameukariri. Akamshika Mheshimiwa mkono kwa adabu zote. Mheshimiwa akanitazama nimtetee. Ningefanyaje? Kipengele ni changu, na wale samaki walikuwa wananukia vizuri mno.

"Kamati haimtambui bwana huyu," nikasema, nikavuta kiti, baada ya kuwasalimu wote.

Mheshimiwa alirudi kutoka mlimani amechoka taabani, matope hadi magotini. Nakiri nilimhurumia. Akasimama mbele ya kibanda, akavua kofia.

"Habari za asubuhi," akasema kwa upole.

Tanti Ismay akafuta mikono kwenye aproni, akatazama bahari. "Asubuhi? Na jua linazama? Si niliwaambia huyu si wa hapa?"

Octave akainuka.

Amri ya kubomoa kibanda iko tayari mezani. Hata hivyo, Wizara inasikitika kuwaarifu wananchi kwamba haiwezi kutiwa saini kwa sasa, kwa kuwa Mheshimiwa Waziri yuko likizoni.