Jinsi Nilivyompatia Lian Nafasi ya Chekechea

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tangu asubuhi. Lian kavaa mabuti ya baba yake, kazunguka nayo nyumba nzima kama bata. Nimemtazama mpaka wali ukaungua.

Mama mkwe kapiga simu kutoka kwake, mji wa Hualien. Kitanda cha Lian ameshanunua. Cha rangi ya waridi, kina sungura upande wa kichwani. Nikamwambia mama, mbona mapema, kura ya chekechea bado. Akasema, "Kura ni kura, mwanangu. Kitanda ni kitanda."

Mambo yako hivi. Mwezi wa nane naanza kazi kwenye banda la kuosha vitunguu vya majani. Chekechea za watu binafsi hatuziwezi. Za serikali ni kwa kura. Lian akikosa, anakwenda kulelewa na bibi yake, na sisi tutakuwa tunamwona Jumapili kama jamaa wa mbali. Bibi si mbaya. Bibi ni mzuri mno, na hiyo ndiyo shida. Mtoto akizoea huko hatataka kurudi.

Hatakosa. Nina mpango.

Jumanne, 7 Mei

Sheria ni kwamba raundi ya kwanza mtoto anaandikishwa chekechea moja tu. Ya Sokoni iko hapa nyuma ya nyumba, kengele yao naisikia nikiwa jikoni. Ya Mlimani iko juu huko kwenye ukungu, ukienda kwa pikipiki unafika umelowa mpaka roho. Kila moja ina nafasi ishirini. Mwaka jana Sokoni walijitokeza watoto mia. Mlimani, ishirini na watano.

Mume wangu Kun-lin kaniwekea karanga mezani. Sokoni, katika kila karanga tano inaingia moja. Mlimani, katika kila tano zinaingia nne. Kasema hapo hakuna cha kuumiza kichwa, twende Mlimani.

Nikamwambia ndiyo maana kwenye ukoo wenu hajatoka tajiri. Hesabu hiyo kila mtu anayo! Mwaka huu wote watapanda Mlimani, na Sokoni patabaki peupe. Mimi shule niliishia darasa la tisa, lakini watu nawajua.

Akaniuliza kama nadhani kila nyumba ya mji wetu wa Yilan inakaa mezani na karanga. Kisha akazila. Zote, zilizoingia na zilizokosa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda kwa Babu wa Ardhi, mungu wetu wa mtaa, kwenye hekalu lake dogo pale kona ya shamba. Nimempelekea machungwa na peremende, maana anapenda vitamu. Nikamuuliza: Babu, Lian nimwandikishe Sokoni? Nikarusha vile vibao viwili vya mbao vilivyopinda kama mwezi mchanga.

Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Babu amekubali. Vyote chali, anacheka. Vyote kifudifudi, amekataa. Na kwa jambo zito lazima akubali mara tatu mfululizo.

Kakataa. Nikaona labda sikutaja mtaa tunaokaa. Nikautaja. Kacheka. Nikaona labda machungwa hayakukaa vizuri. Nikayapanga upya. Kakubali mara moja, kisha kakataa. Nikamweleza kuwa hayo yalikuwa mazoezi. Mvua ikaja, ikapita. Mzee anayefagia pale akaniambia, "Mama, mwache Babu naye apumzike."

Mwishowe ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kun-lin kasema ukirusha muda wote huo, hata kuku angepata tatu mfululizo. Simjibu mtu anayemlinganisha Babu na kuku.

Ijumaa, 10 Mei

Jirani yangu Yun-ju anauza chapati za vitunguu mlangoni mwa soko. Jambo akilisikia yeye asubuhi, mchana mji mzima unalo. Mwanawe Bao ni wa umri wa Lian. Nimenunua chapati mbili nisizozihitaji, nikamnong'oneza: shoga, usimwambie mtu, Mlimani kuna mwalimu mpya, anapiga kinanda, watoto wanalala kama malaika.

Mwalimu mpya sijui kama yupo. Shabaha yangu ni soko zima lipande mlima, Sokoni panibakie mimi.

Yun-ju kaacha chapati iungue. Kasema, "Mama Lian, wewe si jirani, wewe ni ndugu." Nikaona aibu kidogo. Kidogo sana. Yai aliloniongezea bure nimelila.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwandikisha Lian Sokoni. Kun-lin kaniuliza kwa mara ya mwisho kama nina uhakika. Nikamwambia uhakika nimepewa mara tatu. Kasema sawa, mtoto ni wetu sote, ila hicho kitanda chenye sungura asikisahau mtu.

Sikulipenda neno hilo.

Mchana nimemkata Lian kucha. Kidole kimoja kimoja, taratibu. Nikachelewa kumaliza makusudi.

Jumamosi, 18 Mei

Siku mbaya.

Uwanja wa Sokoni umejaa mpaka kwenye bembea. Watu zaidi ya mia. Nusu yao nawajua, ni wateja wa chapati. Yun-ju mwenyewe yuko mbele kabisa, kavaa koti jekundu, Bao mgongoni. Nikamuuliza vipi tena, na Mlimani? Akanijibu bila haya: "Shoga, wewe siri ya bure uliwahi kumpa nani? Ukisifu mlima, mimi najua unataka bonde." Na hivyo hivyo ndivyo alivyowaambia wateja wake wote.

Mwalimu mkuu akatangaza kuwa Mlimani wamejitokeza watoto kumi na saba tu. Wote wameingia bila kura. Kun-lin akatazama mawingu kama mtu anayesoma gazeti.

Haidhuru, nilikuwa na mpango wa pili. Mipira iko ndani ya sanduku. Ukichota mwekundu, mtoto kaingia. Ukichota mweupe, basi. Nikaona wenye haraka waimalize ile myeupe, mimi nichote mwisho. Kun-lin kasema mbele au nyuma bahati ni ile ile, maana hao wenye haraka wanachota na myekundu pia. Sikumsikiliza. Nikampisha mzee mmoja. Nikampisha mjamzito. Nikampisha na mtu ambaye kumbe alikuwa anatafuta choo.

Yun-ju akachota mwekundu. Kasema ni koti.

Mwekundu wa mwisho ulitoka nikiwa bado naona migongo tu. Mwalimu mkuu akasema tuliobaki twende nyumbani, sandukuni kuna myeupe mitupu. Nikamwomba aniache nichote tu. Akanionea huruma, akaniacha.

Mweupe.

Lian kauomba auchezee. Anauita yai.

Jumapili, 19 Mei

Mama mkwe kapiga simu. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Kasema foronya ameshafua, zimekauka vizuri, na je, Lian bado anapenda uji wa viazi vitamu? Nikasema anaupenda. Nikaingia bafuni nikafungua bomba, ili kisikike kitu kimoja tu, maji.

Kun-lin akabisha hodi. Akaniambia kupitia mlangoni kwamba Mlimani zimebaki nafasi tatu, na kuna raundi ya pili. Kasema wengi wa Sokoni hawataki hata kusikia habari ya ule ukungu, tukienda sisi hatutakuta msongamano.

Nikafunga bomba.

Jumatano, 22 Mei

Tumepanda. Tumelowa mpaka roho, kama nilivyosema. Lian kaona mbuzi karibu na geti akakataa kuondoka, ikabidi mwalimu atoke na mwavuli kutuandikisha hapo hapo. Mwalimu si mpya wala hana kinanda. Ana miaka mingi na mikono yenye joto. Kamfuta Lian uso bila kuniuliza, na Lian kamwachia.

Watoto wamekuwa wanne kwa nafasi tatu. Kun-lin akaanza kujipapasa mifukoni kutafuta karanga. Nikamwambia acha, hii najua: katika wanne wanaingia watatu. Akanitazama kama siku ile aliyonioa.

Wakati wa kurudi nilitaka tupite kwa Babu. Kun-lin kasema Babu yuko likizo.

Jumamosi, 25 Mei

Safari hii nimechota wa kwanza. Kuchota mwisho ni ujinga, hilo limeshathibitika.

Mwekundu!

Nikakaa chini hapo hapo, kwenye sakafu yenye maji. Lian akaja akanipigapiga mgongoni, kama ninavyomfanyia yeye akikohoa. Nikampigia simu mama mkwe. Kasema basi Jumamosi na Jumapili mnamleta, kitanda kisikae bure. Nikasema ndiyo, mama. Kasema na wewe uje, umekonda.

Kun-lin anasema tungekuja huku tangu mwanzo, tusingechota mpira wowote. Mume wangu ni mtu mwema lakini haoni mbali. Tungekuja huku mwanzo, si Yun-ju na soko lake wangetufuata nyuma? Nani aliyewabakiza wote kule bondeni? Mimi, kwa mdomo wangu. Nani kaufagia mlima ukawa mweupe? Mimi. Na Babu alijua kila kitu, ndiyo maana aliniambia niende Sokoni.

Kun-lin kaenda kuwasha pikipiki.

Aliyekosa ni baba mmoja mwenye mabuti ya mpira, binti yake kamlalia kifuani. Nilimwonea huruma. Kasema kuna raundi ya tatu. Chekechea ya Bandarini ina nafasi nne, hajaandikishwa mtu hata mmoja. Ya Stesheni ina nafasi moja, na wanaoitaka wamefika arobaini. Nikamvuta pembeni nikampa siri yangu yote: aende Stesheni, kwenye watu wengi, akose kwanza. Ukishakosa vizuri ndipo mambo yanafunguka. Akaniuliza, "Dada, una uhakika?" Nikamwambia nimejaribu mwenyewe, na mtoto wangu huyu hapa, kaingia.

Akanishukuru kwa heshima zote, akamfunika binti koti la mvua, akashika njia ya Bandarini.

Maskini. Kuna watu hawasaidiki.