Nzi Mwenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Nimempata! Nzi wa matunda, kwenye shina nililopaka ndizi zilizooza, msituni Kilauea. Bawani ana doa ambalo hakuna nzi mwingine wa Hawaii aliye nalo. Ni mpya. Ataitwa Drosophila wendelli, yaani wa Wendell, yaani mimi. Tatizo: katika kazi yetu ya kuchunguza wadudu, kujipa jina mwenyewe ni aibu. Lazima akupe mwenzako. Na mwenzangu maabarani ni Texeira.

Jumanne, 4 Machi
Texeira tayari ana nzi wa jina lake, na humtangaza hata kwa wauza samaki. Nzi huyo hajaonekana tena tangu apewe jina. Simlaumu. Nimempelekea Texeira tonge la wali uliobanwa na nyama ya kopo, nikalisifu shati lake. Akasema, kaka, shati hili umelisema vibaya mwaka mzima, hebu toa shida yako. Amekubali, ila nimwoshee chupa zake za kufugia nzi mpaka Krismasi. Nafuu! Nimempigia simu mama mkwe papo hapo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe alitaka bintiye aolewe na daktari wa meno. Leo, kwa mara ya kwanza, ameniita mwanangu. Ameagiza keki yenye umbo la nzi kwa luau, karamu ya Kihawaii, ya mjukuu wake anayetimiza mwaka, Jumamosi. Ukoo mzima utakuwepo.

Ijumaa, 7 Machi
Hapa hakuna nzi anayepata jina bila kupita kwa Anti Puanani, bingwa wetu wa kutambua nzi. Kamwosha wangu kwa spiriti. Doa likatoka. Akanusa. Sosi ya soya. Akauliza, Wendell, mwanangu, ulikuwa unamkagua huku unakula? Akasema huyu ni silvestris, maana yake wa msituni, jina alilopewa kabla babu yangu hajazaliwa. Texeira alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanikabidhi chupa.

Jumamosi, 8 Machi
Keki ilikuwa na mabawa. Nikasimama mbele ya ukoo, nikasema kweli yote, hadi sosi. Mama mkwe akaweka kisu chini, akanishika mkono, akasema jina la nzi si kitu, mkwe msema kweli anamtosha. Machozi yalinilengalenga. Hatimaye nilipendwa.

Nikamwambia asisikitike. Jikoni kwake nimeona kombamwiko wa ajabu, asiyemo katika kitabu chochote, na nitahakikisha anaitwa kwa jina lake yeye, mama mkwe.

Naandika haya garini. Mke wangu amesema nisishuke. Lakini kombamwiko ninaye, ndani ya kikombe.