Nafasi ya Pili Melini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeshinda. Mimi Owuor, ambaye sijawahi kushinda hata soda chini ya kizibo. Bahati nasibu ya nusu mwaka ofisini: safari ya meli kwa watu wawili, kutoka Durban hadi visiwa vya joto, mwezi ujao. Leo asubuhi hapa Johannesburg maji ya mbwa wa jirani yaliganda kwenye bakuli. Nimepewa fomu ya kuchagua njia. Ya kwanza, usiku nne, visiwa vya Msumbiji. Ya pili, usiku kumi na mbili, Reunion na Morisi. Ya tatu, usiku kumi na sita, Madagaska, Komoro na Shelisheli. Irudi Ijumaa ya wiki ijayo, majina mawili, njia moja.

Nilimpigia mke wangu Kawira kabla hata sijakaa. Nikamwambia tunakwenda, mimi na yeye. Akasema polepole kwamba ana likizo ya miaka miwili ambayo hajaigusa.

Jioni nikafika nyumbani, Turffontein. Mama yuko sebuleni, miguu karibu na hita ya gesi, mablanketi mawili. Alikuja Mei kututembelea kutoka Homa Bay, analala chumba cha kijana wetu aliye chuo Cape Town. Baridi inamla viungo lakini halalamiki. Anasema tu kwamba nchi hii ina hewa safi mno. Nikamwona anavyopuliza vidole. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia Mama, nimeshinda safari ya meli, nitakupeleka.

Nafasi mbili. Moja ni yangu. Hesabu hiyo niliifanya bafuni, saa nzima baadaye.

Jumanne, 10 Juni

Mama hakugusa chai. Alikuwa amepasua kartoni ya nafaka na upande wa ndani amechora Bahari ya Hindi yote kwa penseli, kwa kukumbuka tu. Komoro mahali pake. Shelisheli mahali pake. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, Kiswahili na jiografia. Ndiye aliyenizoesha kuandika shajara.

Akaniambia: "Visiwa hivi nimewachorea watoto ubaoni kila mwaka. Mimi mwenyewe maji niliyoyaona ni ya ziwa. Chumvi sijaionja."

Nikaiacha chapati sahanini. Nikaenda kazini.

Nimepata mpango. Nisimwambie mtu ukweli. Nifanye mmoja wao akatae mwenyewe. Mtu akikataa mwenyewe ahadi haijavunjwa. Imekufa kifo cha kawaida.

Jioni nikaanza na Mama. Yeye ni Msabato wa kweli. Nikamwambia kwa uso wa huzuni kwamba meli inang'oa nanga Ijumaa, hivyo Sabato yote itakuwa safarini. Akafikiri. Akasema atapanda Ijumaa mchana, na Sabato atapumzika kama amri inavyosema. Kazi itafanywa na meli.

Jumatano, 11 Juni

Zamu ya Kawira. Nikamweleza habari za kichefuchefu cha baharini. Nikamwonyesha video kwenye simu: sahani zinateleza, watu wameshika matumbo. Nilisahau kwamba ni nesi wa wodi ya upasuaji. Aliitazama yote huku anakula. Jioni amerudi na vidonge vya kutosha meli nzima.

Baadaye alisimama mbele ya kabati akichagua nguo za jua, na alikuwa anaimba. Kwa sauti ya chini, lakini anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mama yake afariki Meru, Julai ya mwaka juzi. Siku hiyo alikuwa kazini, simu niliipokea mimi.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilijiona kama mwizi.

Alhamisi, 12 Juni

Nikaenda kunyolewa kwa Pitchou, Rosettenville. Mtu wa Bukavu, mwenye busara nyingi kuliko wateja. Nikamweleza kana kwamba ni shida ya rafiki yangu. Alizima mashine katikati ya kichwa.

"Mon cher, banamuke babili, bateau moya. Huyo rafiki yako atabakia ku port."

Yaani wanawake wawili kwa meli moja, rafiki ataachwa bandarini. Akashauri rafiki aseme ukweli leo leo. Nikamjibu kwamba rafiki yangu ni mtu wa mbinu. Akanitazama kwenye kioo, akasema hilo analiona.

Jumamosi, 14 Juni

Mama kanisani, Kawira zamu. Nikaenda Fordsburg kutekeleza mpango mpya: zawadi. Kila mmoja akipata zawadi ataona ninamjali, na yule atakayebaki hatabaki mikono mitupu.

Duka la kofia la Nassir. Mwezi huu anauza za sufu tu. Za jua alizipandia ngazi, akazikung'uta vumbi. Zilikuwa zimebaki mbili, za ukili, pana kama sinia, utepe wa kijani, za kufanana kabisa. Nikachukua zote. Nassir akauliza kama nimejaliwa mapacha.

Kawira nikampa yake garini. Nikamwomba asimwonyeshe Mama, ataona ni ubadhirifu. Mama nikampa yake chumbani. Nikamwomba asimwonyeshe Kawira, atasema ninapendelea. Wote walifurahi. Nililala kama mtoto mchanga.

Jumapili, 15 Juni

Nilitoka kubadilisha mtungi wa gesi. Niliporudi walikuwa wamekaa pande mbili za hita, Mama na Kawira, kila mmoja na kofia yake kichwani. Kartoni ya Bahari ya Hindi iko katikati, juu ya meza. Nikaweka mtungi chini.

Mama akaniuliza meli inabeba watu wangapi. Nikasema wengi, labda elfu mbili.

"Wa kwako."

Wawili.

"Wataje."

Nina miaka arobaini na saba. Nilikuwa darasa la nne tena. Nikasema nilikuwa naandaa jambo la kuwashtukiza. Kawira akauliza nilitaka kumshtukiza nani, aliyekuwa anaondoka au aliyekuwa anabaki. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Mama akaniambia nikapike chai, nisiharakishe.

Sikuharakisha. Nikiwa kwenye korido na sinia nikamsikia Kawira akizungumza. Alikuwa anamwambia Mama kwamba mama yake alikuwa akimpigia simu kila siku saa moja jioni.

"Sasa ikifika saa moja naenda kuosha vyombo," alisema. "Hata vikiwa safi. Nafungulia maji sana, nisisikie kwamba simu hailii."

Miaka ishirini na mbili ya ndoa. Nilidhani anapenda usafi.

Mama hakusema pole. Nilisikia kiti kikiburutwa. Kisha Mama akasema, "Sogea hapa kwenye moto, mwanangu. Huko unapata ubaridi." Chai ikapoa mikononi mwangu. Nikairudisha jikoni, nikapika nyingine.

Nilipoingia Mama alikuwa amemfunika Kawira blanketi lake moja. Akaniambia bila ukali: "Owuor, tikiti ni mbili. Sisi ni wawili. Hesabu ilikushinda shuleni, lakini hii utaiweza."

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu ya vijana, ofisi zimefungwa. Kawira ameniambia jambo moja tu tangu jana. Ameniambia ningemwambia tu kwamba Mama hajawahi kuona bahari, angempa nafasi yake siku ile ile. Nikamwambia ndiyo sababu sikumwambia. Akanirekebisha kola ya shati. Sijui kama nimesamehewa au nilikuwa nimekunja kola vibaya.

Jumatano, 18 Juni

Nilimwuliza mhusika wa zawadi kama tunaweza kuwa watatu. Chumba ni cha vitanda viwili, hakuna cha tatu. Eish. Pitchou amenipigia kuuliza habari za rafiki yangu. Nimemwambia hajambo.

Sasa kuna shida mpya. Mwanzoni Mama alitaka njia ya tatu, ndefu, yenye visiwa vyote vya ubaoni. Kawira alitaka ya kwanza, usiku nne, mahali pamoja, alale bila kuulizwa kitu na mtu yeyote. Hilo lingekuwa gumu lakini la kawaida. Ila tangu Jumapili wamebadilishana. Mama ananijia jikoni na kuniambia niandike njia ya kwanza, Kawira amechoka, asisumbuliwe na safari ndefu. Kawira ananijia garini na kuniambia niandike ya tatu, Mama ana miaka sabini na tatu, avione vyote akiwa na nguvu.

Kila mmoja ameniomba nisimwambie mwenzake. Nikamkubalia Mama. Nikamkubalia Kawira.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya fomu. Nilikaa mezani kazini tangu saa mbili asubuhi. Nikafuta jina langu. Nikaandika la Kawira, kisha la Mama. Kwenye uhusiano wa wasafiri nikaandika mama na binti. Sikuandika mkwe. Hakuna aliyeniambia niandike hivyo.

Sehemu ya njia ikanishinda. Ya kwanza ningekuwa nimemdanganya Kawira. Ya tatu ningekuwa nimemdanganya Mama. Saa kumi kasoro dakika tano mtu wa zawadi akaja kusimama mbele yangu. Nikatia alama kwenye ya katikati ili kuwadanganya wote sawasawa.

Njiani kurudi nilikaa kwenye robot, taa za barabarani, hadi ya kijani ikapita mara mbili, watu wakinipigia honi. Nilikuwa natunga uongo wa tatu.

Nyumbani nikasema tu, ya pili. Mama akavaa miwani, akavuta kartoni. Akapima kwa kidole kutoka Durban. Akasema hizo ni siku nne za maji matupu kwenda, na nne kurudi. Kawira atalala zote. Na katikati kuna visiwa viwili, Reunion yenye mlima wa moto na Morisi yenye miwa. Kawira akasema mlima wa moto Mama angeupenda. Mama akasema usingizi Kawira angeupenda.

Wakanigeukia. Mama akasema kwamba kumbe nilikuwa nimefikiri.

Nikasema ndiyo, sana.

Ijumaa, 4 Julai

Mwendo wa saa sita hadi Durban. Mama kiti cha nyuma alisoma kila kibao cha barabara kwa sauti. Bahari ilipotokea kati ya majengo akanyamaza katikati ya kibao. Kawira alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Mama akaushika. Nikaendesha taratibu, malori yakanipita.

Bandarini waliingia haraka kuliko nilivyotarajia. Kawira alinikumbatia, akaniambia chakula kiko kwenye friza kimeandikwa siku. Mama aliniambia nikumbuke kuweka nukta kwenye shajara.

Nilisimama nje nikipunga mkono dakika arobaini. Abiria wengi walinipungia, wageni wote. Kisha Kawira akapiga simu kuuliza niko wapi. Wao walikuwa upande wa pili wa meli, wanampungia mtu mwenye koti la bluu ambaye walidhani ni mimi. Mama alikuwa amemwombea kabisa.

Jumanne, 8 Julai

Hakuna mtandao baharini. Saa moja jioni niliosha vyombo. Vilikuwa viwili. Chakula cha Jumanne nilikula Jumamosi.

Jumatano, 9 Julai

Simu kutoka Reunion. Sauti ya Kawira ilikuwa ya mtu aliyelala. Aliniambia alilala siku mbili, karibu mchana kutwa. Mama alikaa kwenye kiti mlangoni pa chumba akamzuia hata msafishaji, akimwambia kwa Kiswahili cha darasani kwamba binti yake amepumzika. Msafishaji ni mtu wa Manila. Alielewa, akawa anakuja na supu.

Nikaomba kuongea na Mama. Kawira akasema haiwezekani, yuko majini. Amesimama mpaka magotini, sketi ameikunja kwenye kiuno, na hataki kutoka. Ameonja chumvi mara tatu kuhakikisha. Kawira akacheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, halafu kikarudi kuwa kicheko.

Nikamwuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," akasema. "Ngoja nikamshike mkono, wimbi linakuja."

Akakata. Nilikaa na simu mkononi. Sijui mbinu ambayo ingeleta hayo. Lakini mtu akifuatilia vizuri, yote yalianza na mimi.

Alhamisi, 17 Julai

Wamerudi jana. Weusi wa jua wote wawili, wanacheka mambo ambayo sielewi. Mama ndege yake ya Nairobi ni Jumapili.

Leo mchana baba yake Kawira alipiga simu kutoka Meru. Mzee hana maneno mengi. Alisema nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, akauliza kama Krismasi hii tunaweza kwenda kwake, sote. Nikamwambia, Baba, tutakuja, andaa mbuzi.

Jioni Mama alikuwa anakunja nguo. Akasema Krismasi angependa Kawira aone Homa Bay vizuri, wakae pamoja ziwani, na tayari amemchagulia chumba chenye dirisha la maji. Aliniangalia kwa yale macho. Nikamwambia, Mama, tutakuja.

Wote wawili wamefurahi sana. Desemba bado ni mbali. Nitapata njia.